Nipe kitu cha kuandika

Kwenye jopo la usaili, mimi ndiye ninayeshika kalamu. Mwenyekiti anakaribisha, wataalamu wa idara wanauliza, na mimi kama katibu naandika anachosema msailiwa. Kuuliza nauliza mara chache sana. Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi, kwa nafasi za madereva, wahasibu, wauguzi, walinzi na wakurugenzi, na kuna jambo moja natamani kila anayeitwa alijue kabla hajagonga mlango: uamuzi tunaufanya kutokana na kilichoandikwa.

Ngoja nieleze inavyokwenda. Kila mjumbe ana fomu yake. Kushoto kuna swali, katikati nafasi ya maelezo, kulia kisanduku cha alama. Ukitoka wewe anaingia mwingine, halafu mwingine. Hadi jioni tumeshasikiliza watu wengi, sura zimeanza kuchanganyika, na hakuna anayekumbuka vizuri nani alisema nini. Mjumbe mmoja anasema, "Yule wa asubuhi alikuwa mzuri." Mwenyekiti anamuuliza, "Mzuri kwa lipi?" Kila mtu anafunua fomu yake kutafuta jibu. Hapo ndipo kazi inapopatikana au kukosekana, na wewe umeshaondoka zamani. Kama mbele ya jina lako pameandikwa "mchapakazi, anajituma, yuko tayari kujifunza," hapo huna wa kukutetea, maana maneno hayo hayo yapo kwenye fomu ya kila mtu.

Jambo hili linaniuma kweli. Wanaokosa kazi kwa kutojua kazi wapo, lakini ninaowasikitikia ni wale wanaoijua, wanaotoka chumbani wakiwa wameacha ukurasa karibu mtupu.

Nichukue usaili mmoja wa nafasi ya mtunza stoo. Swali lilikuwa hili: "Tueleze wakati ambapo hesabu ya bidhaa stoo haikulingana na kilichomo kwenye leja. Ulifanya nini?" Wa kwanza alikuwa mtu mzima, mzoefu, vyeti safi. Akajibu: "Mimi katika utunzaji wa stoo nazingatia sana uaminifu na umakini. Hesabu isipolingana ni lazima ufuate taratibu zote, uwajulishe wakubwa, na uhakikishe tatizo halijirudii." Mwenyekiti akamsaidia: "Una mfano wowote?" Akatabasamu, akasema, "Mifano ni mingi." Akanyamaza. Nami nikaandika nilichopewa: "Atafuata taratibu."

Aliyemfuata alikuwa kijana, na uzoefu wake ulikuwa mdogo zaidi. Swali lile lile. Akasema: "Leja ilionyesha maboksi 40 ya glovu, rafuni nikakuta 34. Nikahesabu upya, kisha nikamwomba mwenzangu ahesabu peke yake bila kumwambia mimi nimepata ngapi. Naye akapata 34. Nikatoa hati zote za kutolea mzigo za mwezi ule, nikazipitia moja moja. Nikakuta kuna idara ilichukua maboksi sita Ijumaa jioni, hati imesainiwa kabisa, ila haikuingizwa kwenye leja. Nikairekodi, nikamwandikia msimamizi na kuambatanisha nakala. Baada ya pale nikaomba tuwe tunafunga leja kila siku kabla ya kufunga mlango, na tukaanza kufanya hivyo."

Kalamu yangu haikusimama. Hakujisifu hata mara moja, wala hakutamka neno "uaminifu" wala "umakini," lakini mjumbe yeyote aliyeisoma fomu ile jioni aliuona uaminifu na umakini mwenyewe. Kumwomba mwenzake ahesabu bila kumpa namba, lile jambo dogo tu, lilimpa alama kuliko sifa zote ambazo angejitajia.

Yule wa kwanza naamini kabisa alikuwa na visa kama hivyo, pengine vikubwa zaidi. Mtu hakai stoo miaka mingi bila hesabu kumgomea. Lakini fomu haijui usichosema, na mjumbe mwenye haki hawezi kukupa alama kwa anayoyahisi. Kwa hiyo mjumbe akikuuliza "una mfano?" au "hebu fafanua kidogo," ujue hajakutega. Anakunyooshea mkono. Ameona jibu lako linaelea, na anatafuta kitu cha kukupa alama.

Dawa yake inafanyiwa kazi kabla ya siku yenyewe. Chukua tangazo la kazi, usome mstari kwa mstari. Kila sifa inayotajwa, jiulize: ni lini niliwahi kufanya hili, wapi, nikafanya nini mimi mwenyewe, likaishaje? Andika kwa vidokezo tu, usiandike hotuba. Matukio sita au saba yaliyochaguliwa vizuri yanatosha kukubeba, kwa sababu tukio moja hujibu maswali mengi. Kile kisa cha glovu kingeweza kujibu swali la uaminifu, la kutatua matatizo, la kushirikiana na wenzako, hata la kuboresha utaratibu.

Wahitimu wapya huniambia, "Mimi sijawahi kuajiriwa, nitatoa wapi matukio?" Yapo. Mafunzo kwa vitendo, kazi ya kujitolea, mradi wa chuo ambao mwenzenu mmoja alitoroka wiki ya mwisho na wewe ukalazimika kuupanga upya, kikundi ambacho ulikuwa mweka hazina wake. Jopo linalosaili wahitimu linajua kwamba ni wahitimu. Linataka kuona unavyofikiri jambo linapokwenda kombo.

Kuna kosa jingine ninalokutana nalo kwa watu waungwana hasa, wale waliofundwa kutojikweza. Kila kitu kwao ni "tulifanya." Tulipunguza malimbikizo, tuliandaa bajeti, tulifungua tawi. Mwenyekiti anauliza, "Na wewe binafsi sehemu yako ilikuwa ipi?" Jibu: "Tulishirikiana wote." Unyenyekevu ni jambo jema na sitamshauri mtu auache. Lakini kusema ukweli wa ulichofanya kwa mikono yako si majivuno. Sema hivi: "Timu ilikuwa ya watu watano. Kazi yangu mimi ilikuwa kukusanya takwimu za matawi na kuzihakiki. Mwenzangu ndiye aliyeandika ripoti." Umewapa wenzako haki yao, na umejipa na wewe yako. Sentensi kama hiyo naiandika yote, kwa sababu inaonyesha pia kwamba mtu huyu haibi kazi za wenzake.

Sasa nizungumzie ukimya, maana hili watu wa upande wa pili wa meza hawalijui, na linawaponza sana. Umejibu swali vizuri. Umemaliza. Chumba kinanyamaza. Wajumbe wameinamisha vichwa, hakuna anayekutazama. Moyo unakwenda mbio, unadhani umeharibu. Unaanza kuongezea: "Yaani... kwa ufupi naweza kusema pia kwamba..." Na hapo unaanza kubomoa ulichojenga.

Tunaandika. Hicho ndicho kinachoendelea kwenye ukimya ule. Jibu lako limekuwa na mambo mengi, na mkono haujamaliza.

Nimemsikia mhasibu akieleza kwa ufasaha jinsi alivyokataa kupitisha malipo yasiyo na viambatisho, ingawa mkubwa wake alimsukuma. Jibu safi. Wajumbe wakawa wanaandika. Yeye akaona kimya kimezidi, akaongeza: "Ila unajua, kuna wakati mkubwa akisisitiza sana inabidi tu upitishe, halafu viambatisho vije baadaye." Kalamu zote zikasimama. Mjumbe wa fedha akauliza, "Kwa hiyo umewahi kupitisha hivyo?" Kuanzia hapo usaili wote ukahamia kwenye sentensi moja ambayo hakuna aliyemuomba. Ukimaliza jibu, funga mdomo, weka mikono yako mahali pamoja, utulie. Wakihitaji zaidi watauliza.

Vivyo hivyo usitishwe na sura zisizocheka. Kwenye majopo mengi yaliyopangwa vizuri, wajumbe huelekezwa wasionyeshe kama jibu limewapendeza, na kila msailiwa aulizwe maswali yale yale kwa mpangilio ule ule. Hilo lina sababu yake. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alichapisha makala kuhusu maofisa wa jeshi waliotakiwa kuwapima walio chini yao kwa sifa mbalimbali: umbo, akili, uongozi, tabia. Akagundua kwamba alama hazikwenda kila moja kivyake kama ilivyotakiwa. Aliyepewa alama nzuri kwa sifa moja alivutwa juu na kwa zile nyingine, kana kwamba picha moja ya jumla ndiyo iliyokuwa ikipimwa. Jopo linaloongea ovyo, huyu anaulizwa hiki na yule kile, linaangukia mtego huo huo: aliyevaa vizuri na kuongea kwa kujiamini anaonekana pia kuwa mwaminifu na mjuzi. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na usaili wenye maswali yaliyopangwa ukaonekana kutabiri utendaji kazini vizuri kuliko maongezi huru. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walizipitia upya hesabu za namna hiyo, wakashusha makadirio mengi ya zamani, lakini usaili uliopangwa ulibaki juu kabisa kwenye orodha yao.

Nayataja haya kwa sababu yana faida kwako. Maswali yaliyopangwa hayatoki hewani. Yanatoka kwenye tangazo na maelezo ya kazi. Tangazo likisema "awe na uwezo wa kushughulikia malalamiko ya wateja," andaa kisa cha mteja aliyekasirika, kwa sababu swali hilo lina nafasi kubwa ya kuja. Mtu anayeingia bila kulisoma tangazo tena tangu siku aliyotuma maombi ni kama ameachiwa mtihani mezani akakataa kuufungua. Na wapo wengi. Nimewasikia wakiuliza katikati ya usaili, "Samahani, hii ni nafasi ya afisa ugavi au ya masoko?" kwa kuwa wameomba zote mbili.

Swali la kwanza karibu kila mahali ni "Jieleze kwa ufupi," na wengi hulichukulia kama salamu. Wanaanza na mwaka wa kuzaliwa, wanakuja shule ya msingi, ni mtoto wa ngapi katika familia, wanapenda kusoma vitabu na kutazama mpira. Wasifu wako tunao mezani, tumeusoma. Tunachotaka kusikia ni uzi unaokuunganisha na nafasi hii: sasa unafanya nini, umefanya nini kinachohusiana na kazi hii, kwa nini unaitaka. Dakika moja na nusu inatosha, mbili zikizidi. Hili ndilo jibu pekee ningekushauri ulifanyie mazoezi kwa sauti mara nyingi hadi liwe laini mdomoni, kwa sababu ukilimaliza vizuri pumzi inarudi na mengine yanakuja.

Mengine usiyakariri. Jibu lililokaririwa linasikika, hasa lile la udhaifu. "Udhaifu wangu ni kwamba napenda kazi kupita kiasi." Nimeliandika jibu hilo hadi sasa nikilisikia linaanza najua litakavyoisha, na halijawahi kumpa mtu alama mbele yangu. Taja udhaifu wa kweli usiogusa kiini cha kazi unayoomba, kisha useme unachofanya kuudhibiti. Mmoja alisema: "Nilikuwa nachelewa kuomba msaada, nahangaika peke yangu na jambo siku nzima. Sasa nimejiwekea kwamba nikikwama saa moja bila kusogea, nauliza." Limeisha. Linaaminika, na lina kitu ndani yake.

Na usipojua jibu, sema hujui. "Programu hiyo sijaitumia. Niliyotumia ni nyingine ya kazi hiyo hiyo, na nilijifunza kwa kufanya hivi na hivi." Kuzunguka mbuyu mbele ya mtaalamu wa fani ni kupoteza muda, maana anaona tangu sentensi ya pili, na akishaona anaanza kuyatilia shaka hata uliyoyasema kwa haki. Uongo kwenye wasifu ni mbaya zaidi. Vyeti huhakikiwa, wadhamini hupigiwa simu, na cheo ulichojipandisha kwenye karatasi kinaweza kukutoa kazini ukiwa umeshaanza na umeshazoea.

Kuhusu mwajiri wa zamani, uchungu wako nauelewa. Wapo walionyanyaswa, waliocheleweshewa mishahara, waliofukuzwa kwa fitina. Lakini jopo halina namna ya kusikiliza upande wa pili, kwa hiyo linachobaki nacho ni sauti yako ikimshutumu mtu asiyekuwepo. Sema ukweli kwa ufupi na bila majina: "Majukumu yalibadilika yakawa tofauti na tuliyokubaliana, nikaona ni vyema nitafute mahali pengine." Kama uliachishwa, sema uliachishwa, ulichojifunza, na ulichofanya tangu hapo. Zaidi ya hapo usiongeze.

Wanawake wengi, hasa vijana, wameniuliza kuhusu maswali ya ndoa na uzazi. "Umeolewa? Unatarajia kupata mtoto lini?" Msimamo wangu ni kwamba swali hilo halina nafasi kwenye chumba cha usaili, na ninapokuwa katibu huwa namwambia mwenyekiti hivyo mapema, kabla msailiwa wa kwanza hajaingia. Nchi nyingi zina sheria dhidi ya ubaguzi wa aina hiyo kazini. Ukikutana nalo, huna haja ya kugombana wala ya kueleza maisha yako. Jibu lile linalohusu kazi: "Ratiba iliyo kwenye tangazo nimeisoma, na nina uhakika nitaitimiza." Kisha subiri swali lijalo. Na jinsi walivyokuuliza ikuonyeshe pia ni watu gani utakaokuwa unafanya nao kazi.

Mambo ya kuchelewa, simu kuita na mavazi umeshayasikia vya kutosha, sitayarudia, ila kuhusu usaili wa mtandaoni niseme kidogo. Jaribu kiungo siku moja kabla, kwenye kifaa kile kile utakachotumia. Sauti ni muhimu kuliko picha: tukikuona kwa ukungu tutaandika, tusipokusikia hatuna cha kuandika. Mwanga uwe mbele yako, si nyuma. Intaneti ikikatika, rudi, omba radhi mara moja, endelea ulipoishia. Na usisome majibu kwenye skrini. Macho yanayotembea kushoto kwenda kulia yanaonekana wazi, na jopo zima linayaona.

Mshahara. Ukiulizwa unataka kiasi gani, "chochote mtakachonipa" ni jibu linalokupunguzia thamani na kuwaacha wajumbe bila la kufanya. Ulizia mapema wanaofanya kazi kama hiyo wanalipwa kati ya kiasi gani na gani, utaje kiwango chenye chini na juu, na uwe tayari kukikubali kile cha chini, maana kinaweza kuwa ndicho utakachopewa. Wasipoliuliza, usilianzishe wewe kwenye usaili wa kwanza.

Mwishoni utaambiwa, "Una swali lolote?" Wengi wanasema hapana, mmeeleza vizuri, asanteni, huku wakishainuka. Uliza. Uliza aliyeshika nafasi hiyo kabla alipata ugumu wapi. Uliza baada ya miezi mitatu wangependa kuona nini kimebadilika ili waseme walichagua mtu sahihi. Haya ni maswali ya mtu aliyekwisha kujiona kazini, na mara nyingi ndipo wajumbe wanapoinua vichwa na kuongea kama watu. Majibu yao yatakufaa wewe pia: nimeona msailiwa akisikia jibu la swali lake, akafikiri usiku ule, kesho yake akatuandikia kwa adabu kwamba anajiondoa. Alifanya vizuri. Kazi ile isingemfaa.

Ukishindwa, andika barua fupi kushukuru na kuuliza ni eneo gani alama zako zilikuwa chini. Baadhi ya taasisi hazijibu. Zinazojibu hutoa mistari miwili mitatu tu, na mistari hiyo inatoka moja kwa moja kwenye fomu zile, kwa hiyo ichukulie kwa uzito. Wanaoniandikia huwa nawajibu wote, kadiri taratibu zinavyoruhusu. Wachache sana huandika.